Aliyemuosha Nassor

Bofu, Likoni
3 Machi 2025

Kwa kaka yangu Twahir,

Assalaam aleikum warahmatullah. Ramadhani imetukuta wazima, na kama huko Tanga mmefunga kwa mwezi mliouona wenyewe au kwa mwezi wa redio, Mungu awapokelee. Mama magoti yamemkataa, lakini ulimi haujambo. Jana alimrudisha muuza maziwa kutoka barazani kwa kuwa hakumwamkia. Mtoto wa Safa ameanza kutembea. Anashika ukuta, anauachia, anaanguka, anacheka. Babake, Aqil wangu, hajamwona akifanya hata moja katika hayo.

Simu hukuzitaka, nami sikushindana nawe. Mwanatabu na mizigo yake ya machungwa ndiye posta yetu, na akichelewa tutangoja.

Sasa la maana. Juzi daktari alitoa ushahidi katika kesi ya Aqil. Nilikaa mbele ili mwanangu aone uso wa mtu wake. Daktari mwenyewe ni mpole, ana sauti ya mwalimu. Alisema asubuhi ile, kabla vijana wetu hawajauchukua mwili wa ndugu yetu Nassor mochari kwa nguvu, yeye alikuwa ameshamaliza kazi. Alimpasua kifua, akamkata mbavu, akaitoa risasi. Risasi ikaonyeshwa mahakamani, imo katika kifuko cha plastiki. Akasema iliingia chini ya kwapa la kulia, na aliyeifyatua alikuwa karibu mno.

Gari walijua lilivyo. Nassor alikaa kushoto. Kulia kwake alikuwa dereva, na dereva ni Aqil. Ripoti ile haikumtaja jina, lakini imemtaja.

Mwanangu hajabadilisha neno tangu siku ya kwanza. Walikuwa wakitoka Miritini, wakasimama penye malori, mjombake akanunua kashata ya nazi. Walipofika Changamwe foleni ikawakamata. Nassor akaivunja kashata, akamgeukia ampe nusu, na pikipiki ikaja upande wa kushoto, kwenye dirisha lililo wazi. Aqil asema hakusikia mlio. Alisikia mjombake akisema "ah", basi. Ndugu yetu aliuawa kwa ajili ya mashamba ya watu aliyoyatetea na kiti alichosema atakiwania, kila mtu hapa alijua hivyo. Sasa imekuwa kwamba aliuawa na mtoto aliyemlea.

Nakuuliza kidugu. Mwili wa Nassor ulipoletwa nyumbani, ulikuwa umeshonwa?

Mdogo wako,
Tima


Ngamiani, Tanga
11 Aprili 2025

Dada yangu Tima,

Wa aleikum salaam. Idi tumeila, alhamdulillahi, na kwa mwezi tuliouona wenyewe, usinicheke. Jalila, wifi yako, anakusalimu na amekuwekea doti ya leso, Mwanatabu akikuambia ni ya kuuza usimsadiki. Watoto wa chuoni kwangu wamefika juzuu ya pili, isipokuwa mmoja aliyefika kwenye mwembe wa jirani na hateremki. Mama mpake mafuta ya mnyonyo magotini, uyapashe moto kwanza.

Nimemwombea Aqil kila sala. Mwambie asubiri. Mwenye kusubiri hajuti, na haki ya mtu haipotei mbele ya Mola.

Hilo la mwisho uliloniuliza, mbona wajua jawabu lake. Shahidi haoshwi. Nililisema mwenyewe kwa kipaza sauti, msikitini kwetu, mbele ya watu waliojaa mpaka barabarani. Nassor alizikwa na damu yake. Mtu asiyeoshwa havuliwi nguo, na asiyevuliwa nguo nani atajua ameshonwa au hakushonwa? Mambo ya madaktari wayajue madaktari, na wakili mnaye.

Msalimu mama. Mwambie nitakuja, inshallah, mambo yakitulia.

Kaka yako,
Twahir


Bofu
24 Aprili 2025

Kaka Twahir,

Assalaam aleikum. Leso imefika, nzuri, nimempa Safa kipande kimoja. Mafuta ya mnyonyo mama ameyakataa, asema yananuka uzee. Mtoto ameota jino jingine.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikacheka, si kwa furaha. Kaka, mimi ndiye niliyeyachemsha yale maji.

Umesahau? Basi nikukumbushe. Vijana walikuwa nje wakiimba, wewe umerudi kutoka msikitini umelowa jasho. Mama akakushika kanzu pale mlangoni. Akasema, "Twahir, mwanangu hakuwa vitani. Alikuwa garini akila kashata. Yuno si wa kuzikwa na uchafu. N'oshea mwanangu." Ukasema, "Mama, nimeshawaambia watu." Akasema, "Waambiye watakalo. Nami n'oshea."

Mkaingia chumba cha nyuma, wewe na mzee Mwinyi msaidizi wako, Mungu amrehemu. Nikaleta ndoo mpaka mlangoni, ukaipokea bila kunitazama. Harufu ya karafuu maiti niliisikia nikiwa ukumbini. Halafu lilipotoka jeneza, juu yake ilikuwa imetandikwa kanzu ya Nassor yenye damu, na kila aliyeiona akajua shahidi hakuoshwa. Hakuna aliyeuliza. Mama akaniapisha nisiseme, nami sijasema mpaka leo, hata kwa Aqil, ambaye siku ile alikuwa ameshachukuliwa kuandikisha maelezo na hakurudi tena.

Kwa hiyo usiniambie habari za mtu kuvuliwa nguo. Ulimvua. Ulimgeuza kulia na kushoto kama inavyotakiwa. Duniani leo yuko mtu mmoja tu anayejua kama kifua cha Nassor kilipasuliwa au la, naye anafundisha watoto Tanga na kunitumia leso.

Wakili wetu, Nyambura, alimwomba hakimu kaburi lifukuliwe, mifupa itazamwe na daktari mwingine. Hakimu akasema hawezi kufukua mtu kwa uchungu wa jamaa. Alete shahidi mmoja aapishwe, aseme kwa macho yake kwamba maiti haikufanyiwa kazi iliyoandikwa, hapo atasikiliza. Nyambura aliniuliza kama yupo. Nikainamisha kichwa, akadhani nalia.

Nijibu.

Tima


Tanga
15 Juni 2025

Tima,

Assalaam aleikum. Nimechelewa. Mwanatabu alikuja mara mbili, mara zote mbili nilimpa machungwa ya mama bila barua. Idi kubwa tumechinja mbuzi mmoja na jirani. Jalila homa imemwacha.

Umesema, na limesemwa. Basi nami nikuambie ninayoweza.

Baba aliponifundisha kuosha, jambo la kwanza hakunipa maji, alinipa kiapo. Alisema mtu anapolala kwenye kile kitanda hana mikono ya kujifunika, kwa hiyo wewe ndiwe nguo yake. Ukiona zuri, sema ukipenda. Ukiona baya, life na wewe. Nimeosha wazee na walevi na maiti zilizotolewa majini, na hujapata kunisikia nikisema fulani alikuwa hivi. Watu wa Bofu walinipa maiti zao kwa sababu hiyo, si kwa elimu yangu, maana elimu yangu ni ndogo.

Lakini kwa Nassor nilikosa mara mbili siku moja. Hukumu ya aliyeuawa kwa dhuluma mjini naijua, thawabu ya shahidi anayo na kuoshwa anaoshwa. Naijua tangu utotoni. Wale vijana walikuwa na mawe mikononi, na hasira ya haki, wakitaka kuambiwa kwamba mtu wao ni wa vitani. Nikawapa. Niliogopa nikisema "anaoshwa" wangesema namshusha ndugu yangu. Hilo moja, na la pili nilimuosha kwa siri nikawatandikia kanzu yake ya damu.

Sikiliza sasa sababu ya kuhama kwangu, ambayo hukunidai. Baada ya arubaini walikuja watu wawili, nyuso ngeni, wakanikuta nimekaa barazani kwa msikiti. Waliamkia vizuri. Mmoja akanishika mkono, hakuuachia upesi. Akasema, "Ustadh, ulisema vyema siku ile. Shahidi haoshwi. Umetusaidia sana. Endelea kusema hivyo hivyo." Wakaenda zao wakanunua maji dukani.

Nilikaa pale mpaka alasiri. Nikaelewa nini walichoshukuru. Asiyeoshwa hakuonwa na mtu. Uongo nilioutunga kwa kuwaogopa vijana ndio mlango waliopitia wao. Nikifungua mdomo leo, vijana watasema niliwadanganya kaburini, na wale wawili wajua ninapolala, maana hata Tanga salamu zao zimenifika. Nikiufunga, Aqil yumo ndani. Sina upande wa kugeukia, Tima. Nasalisha watoto, narudi, nafunga mlango, nakaa.

Usiniulize tena, tafadhali. Mama asijue.

Twahir


Bofu
2 Agosti 2025

Kaka Twahir,

Mama yetu amefariki. Nilikutumia habari kwa Mwanatabu siku ile ile, na dereva wa basi la Lunga Lunga akathibitisha kwamba amekuambia kwa mdomo. Tulikungoja mpaka alasiri ya kesho yake. Imamu aliuliza ni nani atakayemsalia, nikasema mwanawe yumo njiani. Baadaye nikasema asali yeye.

Nilikuwa nimekusudia barua hii iwe ya matusi. Nilikuwa nimeyapanga, mazuri, hata wewe ungeyasifu. Sasa sikiliza kilichoyaondoa.

Mama nilimuosha mimi. Mwanasaumu wa nyumba ya pili, ambaye ndiye muoshaji wa wanawake, aliniongoza, lakini mkono ulikuwa wangu. Nikamvua. Kaka, mwilini mwa mama niliona jambo. Sitaliandika hapa. Alilificha miaka mingi, akatuhudumia sote akiwa nalo, akagombana na wauza maziwa akiwa nalo, na hakuna aliyejua. Mwanasaumu aliniangalia, nikamwangalia, akanipa kata ya maji. Basi. Jioni Safa aliniuliza, "Bibi alikuwa akiumwa nini hasa?" Nikasema uzee.

Nilipomjibu hivyo nikakukumbuka. Miezi yote hii nilidhani kunyamaza kwako ni woga. Woga upo, umeuandika mwenyewe kwa mkono wako. Ila sasa najua kuna kingine chini yake, na hicho sina ruhusa ya kukivunja kwa sababu nimekionja.

Kwa hiyo nakufungulia. Sikuulizi tena kuhusu Nassor. Kesi inaendelea mwezi wa tisa, Nyambura atapigana na alichonacho. Nilipokwenda kumwona Aqil nilimwambia asitegemee kitu kutoka nje. Aliitikia, "Naam, mama," kama alivyokuwa akiitikia nikimtuma dukani. Amekonda shingo.

Mama alikusamehe kabla hajafa. Mimi bado, lakini nimeanza.

Tima


Tanga
19 Agosti 2025

Tima dada yangu,

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Sikuja kumzika mama. Nilivaa, nikafika stendi, nikapanda basi, nikateremka Horohoro kabla ya mpaka. Niliwaona watu wawili wamekaa kwenye banda la chai. Huenda walikuwa wanywa chai tu. Nikarudi Tanga nikamsalia mama uani, peke yangu, nikielekea kibla, na huko huko ndiko nyumbani. Hilo sitajisamehe hata ukinisamehe wewe.

Umenifungulia, na tangu uliponifungulia sipati usingizi. Ulipokuwa ukinidai nilikuwa na wa kushindana naye. Sasa nimebaki mimi na Aqil.

Nimemuuliza sheikh mmoja hapa, bila kutaja jina. Nilimuuliza, muosha maiti akiona alama ya dhuluma mwilini, je, ni aibu ya maiti? Mzee yule hakufungua kitabu. Alisema, "Jeraha ni aibu ya aliyelitia." Nikaona haya. Jambo jepesi hivyo, na mimi nimelizunguka mwaka na nusu.

Basi andika, umpe Nyambura. Nassor hakuwa ameshonwa. Kifua chake kilikuwa kizima, tumbo lake zima, hapakuwa na uzi wala mkato wowote. Alikuwa na tundu moja tu, chini ya kwapa la kushoto, dogo, hata pamba kidogo ililiziba. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Wala risasi haikutokea popote, kwa hiyo ilikuwa ndani yake nilipomlaza kaburini. Mimi si daktari, umbali siujui, baruti siijui. Hayo niliyosema nayajua kwa viganja vyangu.

Sasa, kile kifuko cha plastiki kina risasi ya nani?

Kanzu yake niliikunja nikaiweka miguuni pake, mzee Mwinyi akinisitiri kwa shuka. Ukifukuliwa mwanandani wataikuta, na wataikuta sanda, na watu watajua. Wajue.

Nakuja. Sitafika Bofu. Nina rafiki Miritini, ana chumba nyuma ya gereji ya malori, nitakaa hapo mpaka niitwe kuapishwa. Nyambura ajue, mwingine asijue. Jalila nimemwambia nakwenda kutafuta kazi ya kufundisha. Hakusadiki, akanifungia chapati.

Twahir


Bofu
4 Desemba 2025

Kaka Twahir,

Assalaam aleikum. Hii nayo anakuletea Mwanatabu, amesema Miritini machungwa yananunuliwa kuliko Likoni na sasa ana sababu ya kuja. Chapati nimezitia chini, zile za juu ni zake mwenyewe, usimlie.

Wewe hukuruhusiwa kuwapo makaburini kwa kuwa ni shahidi wa kesi, kwa hiyo nikusimulie. Walifukua asubuhi. Alikuwapo daktari mwingine wa serikali, daktari tuliyeletewa na Nyambura, hakimu mwenyewe, na askari wengi kuliko jamaa. Vijana walijaa ukutani. Walikuwa wamekuja kuzuia, Nyambura akawasomea kiapo chako kwa sauti, wakapisha, ila kwa nyuso zisizopendeza.

Mbavu zilikuwa nzima, kaka. Zote. Daktari wetu alizipanga juu ya turubai moja moja na yule wa serikali akawa anazihesabu naye. Na risasi ilikuwamo, imelala mchangani upande wa kulia wa uti wa mgongo. Hakimu aliinama akaiangalia. Kisha akaomba aletewe ile ya kwenye kifuko, akaziweka mbele yake zote mbili.

Kanzu ilikuwa miguuni, yenye tundu upande wa kushoto.

Daktari wa kwanza aliitwa tena mahakamani. Kwa sauti ile ile ya mwalimu alisema huenda siku ile mochari walichanganya maiti mbili, kazi ilikuwa nyingi. Labda ni kweli. Mimi simjui. Lakini kama ni kweli, basi kuna mtu mwingine aliyepigwa risasi kutoka karibu, upande wa kulia, akazikwa mahali bila ripoti wala kesi, na hakuna aliyeuliza jina lake. Nilimwambia Nyambura hivyo. Akaandika.

Aqil ametoka kwa dhamana. Kesi haijafutwa, anaripoti kila wiki, haruhusiwi kuvuka mpaka. Lakini yuko nje. Mtoto alimkimbia siku ya kwanza, ya pili akamkalia mguuni.

Na sasa upande wa pili wa habari. Pale makaburini, ilipoonekana sanda, kijana mmoja akasema, "Kumbe kweli alioshwa." Hakupiga kelele. Wenzake wakageuka mmoja mmoja wakaondoka. Usiku wake mlango wa nyumba yako ulivunjwa, na ukutani wameandika neno MUONGO kwa rangi nyekundu. Nimelisugua, limebaki la waridi. Mwanasaumu asema msikitini hawataki hata jina lako litajwe, wasema wewe ndiwe uliyemvua Nassor ushahidi wake.

Na Nyambura amepata habari kwamba utashtakiwa. Wanasema uliharibu ushahidi, kwamba maji yako ndiyo yaliyoondoa baruti mwilini. Ripoti imewaporomokea, basi wanataka mtu wa kumwangushia. Mashtaka yatasomwa baada ya mwaka mpya. Amesema nikuambie wazi, ukivuka Lunga Lunga leo hapana atakayekuzuia. Lakini ukivuka, watasema shahidi wetu ni mtoro, na kiapo chako kitapoteza uzito, na dhamana ya Aqil ndiyo itakayoanza kulegea.

Sikuambii ufanye nini. Nilishakufungulia na sirudi nyuma.

Nimebakiwa na hili tu. Aqil alipotoka, tulikuwa feri, hatujafika hata nyumbani. Nilidhani ataniuliza kuhusu kesi, au mtoto. Akaniuliza, "Mama, kweli mjomba alioshwa?" Nikasema kweli. Akauliza, "Alioshwa vizuri?" Kumbe muda wote ule ndani alikuwa akiiona ile damu. Ilimwagika mikononi mwake, akaambiwa mjombake amezikwa nayo. Nikasema, mwanangu, mimi nilikuwa nje ya mlango, niliyatoa maji tu.

Mdogo wako,
Tima


Rumande
18 Januari 2026

Tima ndugu yangu,

Wa aleikum salaam warahmatullah. Barua za humu husomwa kabla hazijatoka, basi msomaji naye namsalimu, assalaam aleikum, na kama ana mgonjwa nyumbani Mungu amponye.

Mimi mzima. Nilijipeleka mwenyewe mchana, na Nyambura, nimevaa kanzu safi. Sikuvuka. Nilisimama mlangoni pa kile chumba cha Miritini siku nzima nikiyatazama malori yanayokwenda mpakani, na nakuambia kweli, miguu ilitaka. Moyo pia ulitaka. Kisha nikamkumbuka mtoto wa Safa akimkalia babake mguuni, nikaingia ndani nikazifua nguo.

Humu wamo wanaomjua Aqil. Walipojua mimi ni mjombake walinipa pale alipokuwa akilala, karibu na ukuta, ambapo hewa hupita kidogo. Mtu mmoja ameniomba nimfundishe Fatiha. Hakimu ameahirisha mpaka mwezi wa tatu. Jalila alikuja, akalia, akanitukana, akaniachia sabuni. Mzee Mwinyi hayupo, mama hayupo, na vijana wa Bofu hawatanisemea. Naogopa, Tima. Kila mlango unapofunguliwa naangalia nyuso.

Waliniuliza swali moja katika kuandikisha maelezo, walilirudia mpaka wakachoka. Kwa nini ulimuosha? Nikasema, kwa kuwa alikufa. Wakaandika kwamba sikutoa ushirikiano.

Sasa jawabu la Aqil. Baya la maiti hufa na muoshaji, lakini zuri lina ruhusa, nami nina zuri moja ambalo sikulisema kortini, maana wangesema nimelitunga. Na halikuwa la hakimu.

Mwambie nilimuosha mjombake kwa maji yako ya vuguvugu, nilianza upande wa kulia kama inavyotakiwa, na majani ya mkunazi, na mwisho karafuu maiti. Damu ilitoka yote. Nilimwosha uso kwa mkono wangu mtupu kwa sababu kitambaa nilikiona kigumu mno kwake. Hakuwa amekunja uso.

Mkono wa kushoto ulikuwa wazi. Wa kulia ulikuwa umefumba. Sikuulazimisha. Niliumiminia maji, nikamkunjua kidole kimoja, nikangoja, nikamkunjua kingine. Ndani mlikuwa na kipande cha kashata ya nazi, kimevunjwa upande mmoja, kimelainika kidogo kwa joto la kiganja. Siku ile sikujua ni cha nani. Nilikiweka dirishani, na asubuhi sisimizi walikuwa wamekimaliza. Nilikuja kujua niliposoma barua yako ya kwanza, nikaikunja, nikakujibu habari za mwezi wa Idi.

Mwambie alioshwa vizuri. Na ile nusu hakuiachia mpaka ilipofika mikononi mwangu. Ilikuwa ya Aqil.

Kaka yako,
Twahir